Kulima ukiwa na ulemavu wa viungo: namna ya kulipanga shamba likufuate wewe

Ndugu zangu, huu mwongozo ni wa mtu mwenye ulemavu wa viungo anayetaka kulima au kufuga na apate hela yake, iwe unatembelea magongo, uko kwenye kiti mwendo, una mguu bandia, una mkono mmoja, mgongo uliumia, au unatembea kwa kujivuta chini. Pia ni wa mzazi, mke, mume au kaka anayeishi na mtu wa hivo na anataka kujua amsaidieje bila kumnyang'anya kazi yake.

Wengi wakitaka kuanza wanajiuliza "hivi mimi naweza kulima kweli?" na hilo swali ni kubwa mno, halijibiki. Swali linalojibika ni hili: katika kuinama, kubeba, kutembea kwenye tope, kushika na kufikia mbali, kipi hasa ndo kinanikwamisha? Ukishakijua hicho unaweza kukitafutia njia, na mara nyingi njia yenyewe ni kubadilisha kitu kidogo shambani, sio kuujaza mwili nguvu ambayo hauna.

Hatua ya 1: Zivunje kazi vipande vipande

Chukua kazi moja, tuseme kupandikiza miche ya nyanya. Watu wanaitaja kama ni kitu kimoja lakini kaa umwangalie mtu anavofanya utaona kuna mambo mengi ndani yake, anabeba trei kutoka kitaluni, anaenda kwenye mstari, anainama, anachimba shimo, anachomoa mche bila kukata mizizi, anaushikilia wima kwa mkono mmoja huku mwingine unafukia, anamwagia maji. Mtu wa kiti mwendo atakwama kwenye kupita mstarini na kuinama, lakini kuchomoa mche hana shida nako kabisa. Mtu wa mkono mmoja anatembea vizuri na kuinama anainama, ye anakwama pale tu pa kushikilia na kufukia kwa wakati mmoja. Huyu akiotesha miche kwenye trei za vishimo, ule mche unatoka na donge lake la udongo, anaudumbukiza kwenye shimo lililokwisha kutengenezwa na kumwagiwa maji, unasimama wenyewe, anasogeza udongo kwa kiganja au hata kwa mguu. Tatizo limeisha na hajaongeza mkono wa pili.

Fanya hivo kwa kila kazi ya msimu mzima: kuandaa shamba, kupanda, kupalilia, kumwagilia, kupiga dawa, kuvuna, kubeba, kuuza. Pembeni ya kila kipande andika mojawapo kati ya haya matatu, nafanya mwenyewe, nafanya nikibadilisha zana au mahali, nampa mtu. Usione aibu kuandika "nampa mtu", hata mkulima mwenye viungo vyote hafanyi kila kitu. Andika pia saa ambazo mwili wako uko vizuri, kuna watu asubuhi viungo vimekaza mpaka jua lipande, wengine mchana ndo wameisha kabisa, na ratiba ya shamba ifuate hapo.

Hatua ya 2: Njia kwanza, mazao baadae

Hapa naomba tukae kidogo manake ndipo watu wengi wanaharibikiwa. Mtu anapanda shamba lote mpaka kwenye mpaka alafu anaanza kufikiria atapitaje. Wewe anza na njia. Chora kwenye karatasi kutoka mlango wa nyumba mpaka kwenye maji, kitalu, matuta, banda, choo na barabara ambapo mzigo utachukuliwa, na uhakikishe hiyo njia nzima unaipita mwenyewe hata siku mvua imenyesha.

Kiti mwendo kinahitaji njia ya sentimita 90 angalau, ikifika 120 ni raha zaidi manake hata toroli inapita na mkono haukwaruzwi na majani. Mwisho wa kila njia acha eneo la kugeuzia la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, la sivo utarudi kinyumenyume kila siku na mabega yatakuchoka. Mteremko usizidi uwiano wa 1 kwa 12, yani ukitaka kupanda kimo cha sentimita 10 njia yake iwe na urefu wa sentimita 120, na kama kuna mlima mkali kuliko hapo bora njia izunguke.

Udongo wa njia ushindiliwe. Changarawe ndogo zilizoshindiliwa vizuri zinafaa, mchanga mtupu haufai kabisa, kokoto kubwa hazifai, na maganda ya mbao yakiwa mengi yanameza matairi. Mbao za kukanyagia zinasaidia sehemu zenye tope ila zikilowa zinateleza mno, pigilia wavu wa kuku juu yake zinashika. Chimba mfereji mdogo pembeni ili maji yasilale njiani. Kwenye kiti chenyewe, vile vigurudumu vidogo vya mbele ndo vinazama kwenye udongo laini kabla ya vile vya nyuma, kwa hiyo kama una uwezo wa kuchagua tafuta kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele kubwa lililosogezwa mbali, au fundi wa kuchomelea akutengenezee gurudumu la kuchomeka mbele linalovinyanyua vile vidogo visiguse chini. Matairi yawe mapana.

Wa magongo, ile mipira ya chini ndo breki zako, ikilika ibadilishe mapema. Kwenye tope gongo linazama alafu unapoteza balansi, kata kipande cha tairi la gari cha mviringo kipana kidogo kuliko kiganja ukifunge chini ya gongo kwa siku za mvua. Na magongo ya kwapani yasikae yamelibana kwapa, acha nafasi ya vidole viwili vitatu, uzito ubebwe na mikono. Ukiegemea kwapa saa nzima ukipalilia unabana mishipa ya fahamu, vidole vinaanza kufa ganzi, na mkono ukilegea hapo umepata tatizo la pili juu ya la kwanza.

Choo kiwe karibu na shamba na kiwe cha kuingilika. Hili linaonekana dogo ila sio dogo, kuna watu wanajinyima maji kutwa nzima juani kwa sababu choo kiko mbali au hakiingiliki, alafu wanaumwa figo na UTI wakidhani ni ugumu wa kilimo. Kivuli nacho, sehemu ya kupumzika kila baada ya umbali unaoweza kwenda bila kuhema.

Hatua ya 3: Kimo cha matuta kifuate mwili wako

Hakuna kimo kimoja cha wote. Kaa au simama kama utakavokuwa ukifanya kazi, legeza mabega, kunja viwiko, alafu mtu apime kutoka chini mpaka chini kidogo ya viwiko vyako, hapo ndo mikono inafanya kazi bila kuteseka. Kwa kuanzia:

Ukiwa kwenye kiti mwendo na unafanya kazi kwa ubavu, tuta lililozungushiwa mbao, matofali au mawe la kimo cha sentimita 60 hivi linafaa. Ukitaka kuingiza magoti chini yake kama meza, acha nafasi ya magoti ya karibu sentimita 70 na udongo uwe na kina cha sentimita 15 mpaka 20, ukizidisha kina basi juu kunapanda mpaka kifuani na mikono inachoka. Meza kama hiyo ni ya mboga za majani na viungo vya chakula, sio ya mazao yenye mizizi mirefu, na inakauka haraka kwa hiyo itataka maji mara nyingi. Kwa anayesimama na magongo au mwenye mgongo mbovu, sentimita 75 mpaka 90. Kwa anayefanya kazi akiwa amekaa chini, tuta la sentimita 20 mpaka 30 linatosha, akae pembeni yake kwenye mkeka mgumu au kipande cha tairi.

Upana ndo watu wanaukosea. Ukifikia tuta kwa upande mmoja tu lisizidi sentimita 60, ukilifikia pande zote mbili lisizidi 120. Zaidi ya hapo itabidi ujinyooshe, na kujinyoosha ukiwa kwenye kiti ndo kuanguka kwenyewe.

Tahadhari moja ya meza: udongo uliolowa ni mzito kuliko unavodhani. Meza ya mita moja kwa mita moja yenye udongo wa sentimita 20 inafika kilo 300 mpaka 400. Miguu yake iwe imara kweli kweli, ya mbao nene au chuma, na isimame juu ya mawe bapa isizame, manake wewe ndo utakuwa umeingiza miguu chini yake.

Na usijenge matuta ya juu shamba zima, gharama itakumaliza kabla ya mavuno ya kwanza. Matuta ya juu yawe kwa kitalu na mboga za kushughulikiwa kila siku. Mazao yanayoguswa mara chache kwa msimu yabaki chini, hayo utatafutia msaada au mashine.

Hatua ya 4: Maji yasibebwe

Lita moja ni kilo moja, ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtu wa magongo mikono yake yote miwili tayari ina kazi. Kwa hiyo kama una hela kidogo tu ya kuanzia, mi ningeiweka kwenye maji kabla ya kitu kingine chochote. Weka tanki au pipa juu ya kichanja kwa kimo cha mita moja hivi, funga mipira ya matone, maji yanashuka yenyewe taratibu mpaka kwenye shina. Kazi yako inabaki kufungua koki. Koki iwe ya mkono wa kusukuma, sio ya kuzungusha, manake ile ya kuzungusha inamtesa mwenye vidole dhaifu, na iwe kimo cha kiuno. Kichujio cha maji kisafishwe mara kwa mara, vitundu vikiziba utajikuta umerudi kwenye ndoo.

Funika udongo kwa matandazo, majani makavu au nyasi, unene wa kiganja. Unyevu unabaki na magugu yanapungua sana, na palizi isiyokuwepo ni nafuu kuliko jembe lolote utakalonunua.

Hatua ya 5: Zana, anza na za kujitengenezea

Zana nzuri kuliko zote za kupandia ninayoijua ni kipande cha bomba la plastiki. Chukua bomba la upana wa sentimita 4 au 5 na urefu unaofika kiunoni kwako ukiwa umesimama, au kifuani ukiwa umekaa, kata ncha moja kwa mshazari iwe kama mdomo wa kalamu. Chomeka ile ncha ardhini kwenye udongo uliolegezwa, dondosha mbegu kwa juu, inateremka mpaka kwenye shimo, vuta bomba, fukia kwa kuburuza upande wa bomba lenyewe. Hujainama hata mara moja. Tia alama ya rangi kwenye bomba kwa nafasi unayotaka, sentimita 30 au 60, unalilaza chini unapima hapohapo.

Mipini: uzito ndo adui. Jembe zito ni kwa mtu mwenye miguu miwili ya kujikita na mgongo wa kulirusha. Wewe tafuta bapa dogo jepesi kwenye mpini mrefu, la kuvuta na kusukuma juu juu ya udongo, na palilia magugu yakiwa machanga bado, yakishakomaa hiyo zana haiyawezi. Mpini mwembamba unachosha vidole dhaifu, uzungushie mpira wa tyubu mpaka uwe na unene unaojaa vizuri mkononi. Kwa mwenye mkono mmoja au kiganja kisichofunga, fundi achomelee kishikizo cha pili katikati ya mpini pamoja na kikombe cha kuegemeza mkono chini ya kiwiko, alafu mkanda wa kunata ushike mkono hapo, nguvu inatoka begani badala ya kifundo. Ila mkanda huo uwe wa kufunguka kwa kuvuta mara moja, zana ikinasa usinaswe nayo.

Funga kila zana ndogo kwa kamba fupi kwenye kiti chako au mkanda wa kiunoni. Mkasi ukidondoka unauvuta tu, vinginevyo kila kinachoanguka ni safari ya kumwita mtu. Vaa aproni yenye mifuko mikubwa, wa kiti mwendo awe na sinia lenye kingo la kupakata, wa magongo abebe vitu mgongoni au kiunoni tu. Kwa kupogoa kwa mkono mmoja kuna mikasi inayokata kidogokidogo kwa hatua, unabana mara tatu nne tawi linakatika bila nguvu kubwa. Kufunga nyanya kwenye kamba tumia vibanio badala ya mafundo.

Kabla ya kununua chochote cha bei, azima ukitumie nusu saa nzima. Dakika mbili dukani kila zana ni nzuri. Na mwenye intaneti atafute AgrAbility, hiyo ni programu ya Marekani iliyoanza 1991 kutokana na sheria yao ya kilimo ya 1990, inawasaidia wakulima wenye ulemavu na wamekusanya picha za zana na marekebisho mengi sana. Vingi ni vya matrekta na mashamba makubwa lakini fundi mzuri wa kuchomelea akiona picha anakutengenezea.

Hatua ya 6: Chagua zao na mfugo kwa kuangalia kazi yake

Usiulize tu zao gani lina soko. Uliza kazi yake inakuja kwa mtindo gani. Kuna mazao kazi yake ni kidogo kidogo kila siku, haya yanakufaa kama unachoka haraka, na kuna mazao yanalala miezi alafu yanataka nguvu kubwa wiki moja, haya yanafaa kama una hela ya kulipa watu wiki hiyo. Vinavyochimbwa ardhini ni vigumu kuvuna mwenyewe. Vinavyopanda kwenye kamba au kichanja kama nyanya ndefu, matango, maharage ya kupanda vinakuja wenyewe usawa wa macho yako.

Biashara ninayoipenda zaidi kwa watu wetu ni kitalu cha miche ya kuuza. Yote iko juu ya meza, kwenye kivuli, inataka macho na uangalifu kuliko misuli, na mteja anakufuata mwenyewe. Uyoga nao unakaa kwenye shelfu ndani.

Kwenye mifugo, sungura kwenye vizimba vilivyoinuliwa usawa wa mapaja yako ni wepesi kuwahudumia, mimba yao ni siku 31 hivi kwa hiyo mzunguko wa hela ni wa haraka. Kuku jenga banda lenye viota vinavyofunguliwa kwa nje, uokote mayai bila kuingia. Mbuzi wa maziwa mpandishe kwenye kichanja cha kukamulia cha sentimita 40 mpaka 45, anajifunza kupanda mwenyewe kwa sababu chakula kiko kule. Ng'ombe sikukatazi ila usiingie zizini naye hivihivi, mnyama anaweza kushtushwa na gongo au kiti na wewe huwezi kuruka pembeni, uwe na mlango wa kumbana na sehemu ya wewe kufanyia kazi ukiwa nje ya uzio. Nyuki, tumia mzinga wa viunzi vya juu uliotundikwa usawa wa kiuno, unanyanyua sega moja moja badala ya sanduku zima la asali ambalo linaweza kupita kilo 20. Njia ya kuondokea iwe wazi kabisa, na usifungue mzinga ukiwa peke yako.

Hatua ya 7: Ulinde mwili ulio nao

Hii isomeni polepole. Kama huna hisia sehemu za chini, kidonda cha kukaa muda mrefu kinaweza kukuweka kitandani miezi mingi kuliko msimu mzima. Kila dakika 15 mpaka 30 jinyanyue kwa mikono au jilaze mbele na pembeni uondoe uzito kwenye makalio, weka alamu ya simu manake ukinogewa na kazi hutakumbuka. Usikae juu ya ndoo, jiwe au trekta bila mto wako. Jioni jikague kwa kioo, makalio, visigino, vifundo, na ukiona wekundu au weusi usioondoka baada ya nusu saa, usikalie hapo tena mpaka ngozi irudi. Miguu isiyo na hisia ivae viatu vilivyofunika kila siku, na ukumbuke chuma kilichokaa juani kinaunguza bila wewe kujua.

Kwa wanaotumia katheta, yani mrija wa kutolea mkojo: mikono yako inashika udongo, samadi, na ringi za magurudumu ambazo zimepita kwenye hivyo vyote. Weka maji na sabuni palepale shambani, osha mpaka kwenye kucha, ndipo ushike katheta. Glavu za kazi zivuliwe kabla, sio baadae. Na kama uti wa mgongo uliumia juu, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, jua mambo mawili. Mwili wako hautoi jasho vizuri sehemu iliyopooza kwa hiyo joto linakupanda haraka, fanya kazi asubuhi na jioni, lowesha kitambaa shingoni. La pili, ukipata ghafla kichwa kinachogonga vibaya, uso kuwaka na jasho la juu tu, kaa wima, legeza nguo zote, angalia kama mrija umejikunja uunyooshe, na kama mkojo umejaa uutoe, na kama haitulii wahi hospitali, hiyo ni dharura, presha inakuwa imepanda sana.

Wa mguu bandia, jasho na vumbi ndani ya kikombe cha mguu vinachubua kisiki, yani sehemu ya mguu iliyobaki. Beba soksi kavu za kisiki, badilisha mchana, futa kikauke. Mwenye polio ya zamani asijilazimishe "kufanya mazoezi" kwa kazi ngumu, misuli ikiuma mpaka kesho yake ujue jana ulizidisha, punguza. Wa kiti mwendo mabega yako ndo miguu yako, usinyanyue mizigo juu ya mabega, weka shelfu chini. Na wote pateni chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 8: Sumu na mashine

Bomba la kupulizia dawa la kubeba mgongoni la lita 16 au 20 lisikae mgongoni kwa mtu wa magongo, ukianguka nalo sumu inakumwagikia na uzito unakulalia. Tumia bomba la kuvuta kwenye magurudumu lenye mpira mrefu, au mlipe mtu. Lakini hata ukimlipa mtu bado kuna jambo ambalo kwenye kibandiko cha dawa halijaandikwa: ukipita na kiti mwendo kwenye majani yaliyopuliziwa, dawa inashika matairi na ringi, inahamia kwenye viganja, viganja vinaenda mdomoni. Subiri muda wa kurudi shambani ulioandikwa upite wote, na osha ringi kwa maji na sabuni baada ya hapo. Mto wa sponji ukimwagikiwa dawa toa, usiukalie tena, kwa asiye na hisia unaweza kuunguza ngozi kimyakimya.

Trekta linaweza kufungwa breki na klachi za mkono, hilo linafanywa siku nyingi. Hatari kubwa iko kwenye kupanda na kushuka, ongeza ngazi pana ya chini na vishikio viwili. Ile shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine inazunguka mara 540 kwa dakika, yani mara 9 kila sekunde, ikikamata suruali iliyokunjwa juu ya kisiki huna muda wa kuvuta. Kifuniko chake kiwepo, na izimwe kabisa kabla hujaisogelea. Simu ifungwe mwilini mwako, sio kwenye kiti wala kwenye begi, manake ukianguka utakuwa mbali na vyote viwili. Na filimbi shingoni.

Hatua ya 9: Watu

Ajiri mtu kwa ule mwondoko tu unaokukwamisha, usiajiri mtu akulimie shamba lako. Ukisema "nilimie" anachukua maamuzi yote, ukisema "nataka mashimo 200 ya kina hiki, hapa mpaka pale, kwa bei hii" bado wewe ndo mkulima. Lipa kwa kipande, kagua ukiwepo. Kama hela haipo badilishaneni kazi, wewe unawaoteshea miche, unatunza mahesabu, unatengeneza zana, wao wanakuchimbia. Hiyo ni biashara kamili, usiipokee kama fadhila.

Ndugu wa nyumbani wana upendo lakini "we kaa tu tutafanya" imewanyima watu wengi kazi. Waonyeshe ile orodha ya hatua ya kwanza na uwaambie ni wapi tu unataka mkono. Nyie ndugu nanyi, ulizeni kabla ya kushika magongo au kusukuma kiti, na hela ya mazao ikija apewe mwenyewe mkononi.

Kama umeajiriwa kwenye shamba la mtu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 27, unazungumzia haki ya kazi na kufanyiwa marekebisho yanayofaa. Omba kitu mahususi, usiombe huruma: meza ya kupangia mazao iinuliwe, niwekwe kwenye kitalu badala ya kubeba kreti, mapumziko mafupi mengi badala ya moja refu.

Hatua ya 10: Ardhi na hesabu

Usijenge matuta na kichanja cha maji kwenye ardhi ambayo hauna karatasi yake. Watu wenye ulemavu wanasahaulika kwenye mirathi au wanaambiwa "we utakula kwetu", kwa hiyo hata kama ni kwa ndugu yako andikianeni, muda gani, kipande gani, mashahidi wawili, kila mmoja nakala yake.

Kwenye daftari andika matumizi yote ikiwemo uliowalipa, na pembeni andika jinsi mwili ulivokuwa siku hiyo, umeuma wapi, umelala chini siku ngapi. Zao lililokupa faida nzuri lakini likakulaza wiki mbili, toa hizo wiki mbili kwenye faida kabla hujalipanda tena. Anza na eneo dogo, matuta mawili matatu na pipa moja, msimu mmoja, alafu pitia daftari uone ni kipande gani cha kazi kilikukwamisha mara nyingi kuliko vyote, na hela ya mavuno ya kwanza iende kukitatua hicho kabla ya kuongeza shamba.